Mto Mara unaanzia kwetu Nakuru: namna Kenya na Tanzania zinavyosimamia maji ya pamoja

Maelezo ya afisa wa maji kwa wakazi wa Salgaa, Kaunti Ndogo ya Rongai

 

Nimeombwa niongee juu ya mto ambao haupiti hapa. Najua wengine mnajiuliza, Salgaa na Mto Mara wapi na wapi? Maji ya upande huu wetu yanashuka Rongai, yanaingia Mto Molo na kuishia Ziwa Baringo. Hayavuki mpaka wa nchi yoyote. Lakini wengi wenu mna shamba la pili au ndugu kule Molo, Elburgon na Kuresoi. Kule juu Mau, mvua ikinyesha upande mmoja wa kilima maji yanakuja kwetu, na ikinyesha upande wa pili maji yanaenda Tanzania.

Ndani ya msitu wa Mau, katika kaunti hii yetu, kuna kinamasi kinachoitwa Enapuiyapui. Hapo ndipo Mto Amala unapoanzia. Mwenzake, Nyangores, pia unateremka kutoka Mau na kupita mji wa Bomet. Mito hiyo miwili inakutana, na kuanzia hapo jina linakuwa Mara. Unapita Maasai Mara, unavuka mpaka na kuingia Serengeti, unaenea kwenye kinamasi kikubwa cha matete kinachoitwa Masurura, kisha unaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ni safari ya karibu kilomita 400. Takriban theluthi mbili za bonde la mto huo ziko Kenya na theluthi moja iko Tanzania.

Mtu anaweza kusema, basi kama sehemu kubwa ni yetu, tuamue sisi. Hapana. Katika kiangazi kikali, Mara ndio mto mkubwa unaobaki na maji kaskazini mwa Serengeti. Nyumbu wanaoleta wageni huku kwetu na kule kwao wanautegemea. Ng'ombe wa Tarime na Butiama wanautegemea. Mwenye theluthi moja anaweza kuwa ndiye mwenye kiu zaidi.

Sasa, nani anaamua? Naulizwa sana kama Gavana anaweza kukaa na Watanzania waandikiane. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka matumizi ya maji ya kimataifa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji, na misitu. Kwa maneno mengine, Nairobi inatia sahihi, lakini kazi ya jembe iko hapa.

Sahihi zenyewe ziko za ngazi kadhaa. Juu kabisa kuna Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999. Chini yake kuna Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa Arusha mwezi wa Novemba 2003 na Kenya, Tanzania na Uganda. Itifaki hiyo inasema kila nchi itumie maji kwa haki na kwa kiasi, isimdhuru jirani, na kama inapanga mradi mkubwa imjulishe mwenzake kabla ya kuanza kuchimba. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ndiyo inayofuatilia. Halafu mwaka wa 2015 Kenya na Tanzania zilitia sahihi hati ya makubaliano inayohusu Mto Mara wenyewe, kwamba maji ya bonde hilo yatasimamiwa kwa pamoja.

Niseme wazi: hati ya makubaliano si kitu chenye meno makali. Hakuna polisi wa mto anayetoka Kisumu kuja kumkamata mtu Kuresoi. Nguvu ya makubaliano hayo inatokana na sheria za kila nchi kukubali kubeba mzigo. Kwa bahati nzuri, hapo sheria za pande mbili zinafanana. Sisi tuna Sheria ya Maji ya 2016 na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wenzetu wana sheria yao ya 2009 na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza. Na sheria zote mbili zina jambo moja ambalo ningependa mlielewe vizuri kuliko yote nitakayosema, nalo ni akiba ya mto.

Akiba ni yale maji ambayo hayagawiwi mtu. Kabla ya mkulima kupewa kibali cha kumwagilia, kabla ya hoteli au kiwanda, kuna kiasi kinachopaswa kubaki mtoni. Sehemu yake ni ya mahitaji ya lazima ya binadamu. Sisi Kenya tunahesabu lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani zaidi kidogo ya mtungi mmoja wa lita 20. Sehemu nyingine ni ya mto wenyewe: samaki, viboko, miti ya kingo, matete. Akiba ikishatolewa, zinaangaliwa ahadi tulizompa jirani. Kinachosalia ndicho tunachogawana kwa vibali. Kwa hiyo ukimwona afisa anakataa kutoa kibali cha pampu mwezi wa Februari na mto bado una maji, usidhani anataka chai. Pengine maji unayoyaona yana wenyewe, na baadhi yao wako Tanzania.

Wakati wa masika hakuna ugomvi. Kila mtu ana maji mpaka anayafukuza. Ugomvi uko kiangazi, mto unapokuwa mwembamba na kila shamba la viazi au mboga linawasha pampu usiku. Pampu moja haikaushi mto. Lakini hakuna mtu anayewasha ya kwake akiwa na habari ya zile nyingine.

Na kuna mambo makubwa kuliko pampu. Kwa miaka mingi kumekuwa na wazo la kujenga bwawa kwenye Amala na kuhamisha sehemu ya maji yake kwenda Ewaso Ng'iro ya Kusini, ili kuzalisha umeme. Umeme tunauhitaji. Lakini maji yakihamishwa, Mara inapungukiwa. Na Ewaso Ng'iro nayo haiishii Kenya. Inamwagika Ziwa Natron, Tanzania. Pale ndipo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanapotaga na kulea makinda, ndege walewale mnaowaona Ziwa Nakuru. Ukigusa bomba moja Mau, unajibu maswali mawili Dodoma. Tanzania nayo imekuwa na mpango wake wa bwawa la Borenga upande wa chini. Ndiyo maana kanuni ya kujulishana mapema si adabu tu.

Machi 2022 kulitokea jambo upande wa Tanzania. Maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa wengi. Serikali yao ilizuia matumizi ya maji na kuunda kamati. Kamati ilisema kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza vilimaliza hewa ndani ya maji. Si wote waliridhika na jibu hilo, na maneno yalikuwa mengi. Mimi silisemi hili ili kumhukumu mtu. Ninalotaka mlione ni kwamba mto ukiharibika, swali la kwanza ni "nani kafanya?", na asiye na vipimo hawezi kujitetea wala kumshtaki mwenzake. Kuna vituo vya kupima mto Bomet kwenye Nyangores, karibu na Mulot kwenye Amala, na Mara Mines upande wa Tanzania. Kwa maoni yangu, kitabu cha vipimo kilichojazwa kila siku na kusomwa na pande zote mbili kinafaa kuliko mikutano kumi ya mawaziri. Watu hukata vyuma vya vituo hivyo na kuviuza kama vyuma chakavu. Tafadhali.

Kila tarehe 15 Septemba kuna Siku ya Mara, inayofanyika kwa zamu, Kenya na Tanzania. Ilipangwa wakati nyumbu wako mtoni. Wengi hukumbuka fulana na ngoma, lakini ni moja ya siku chache ambazo mkulima wa Bomet anakaa mezani na mvuvi wa Musoma.

Msitu wa Mau sitaupita kimya. Ripoti ya jopokazi la Waziri Mkuu ya 2009 ilionyesha kwamba zaidi ya hekta 107,000, karibu robo ya misitu ya Mau, zilipotea katika miongo miwili. Najua kuna familia humu zilizoondolewa huko na zikaumia, na wengine walikuwa na karatasi waliyopewa na serikali. Sitakuja hapa kuwaambia kwamba nyinyi ndio mlikausha mto. Ninachosema ni kwamba anayeishi chini haoni karatasi; anaona maji yamepungua, au yamekuja mekundu kwa udongo.

Mwenye shamba kando ya mto au kijito, iwe Kuresoi au hapa Rongai, aache ukingo bila kulima: mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Mikaratusi isipandwe pale. Iko na kiu kuliko ng'ombe. Mwenye pampu atafute kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na mjiunge na chama cha watumiaji wa maji cha eneo lenu. Bonde la Mara lina chama chake tangu 2003, na upande wa Tanzania wameunda vyao.

Kuhusu Mto Molo: malalamiko ya wenzetu wa Mogotio kwamba maji hayawafikii kiangazi yanafanana neno kwa neno na yale ya Tanzania. Hapo sisi ndio tulio juu. Chama cha watumiaji kina daftari la pampu, na wenye pampu upande huu nawaomba mwandikishe leo kabla hamjaondoka. Karani yuko pale chini ya mti. Mzee aliyeinua mkono pale nyuma, karibu na swali lako.