Mbao mpya ndani ya sakafu ya zamani

(Maneno ya fundi wetu mbele ya memba na wafazili, Bunia)



Wengi wetu tulirudi kwenye parsele tukakuta simenti, ao kuta tupu. Lakini kuko nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao. Kati ya watu waliokimbia mwaka 2003, na wale waliotoka Djugu tangu mwisho wa 2017, kuko waliorudi wakakuta nusu ya sakafu imengolewa, imegeuzwa kuni. Wananiuliza: fundi, tungoe yote, tuweke mpya? Mimi nasema hapana. Ubao uliokauka miaka makumi ndani ya nyumba, hauwezi kuupata sokoni hata ukiwa na feza.

Kwanza mujue ni mti gani. Kwangusha kidogo kwa randa, upande wa chini ambako uchafu haujafika. Libuyu na mvule ndizo tunaona sana, zinatokea pande za Mambasa zikipitia Komanda. Pima unene pia. Tofauti ya milimetre mbili tu, mtoto atajikwaa.

Sasa maji. Ubao unaoshuka kwenye kamyo leo uko mbichi. Ukiupigilia leo, mwezi wa kwanza, wakati wa jua kali, utapunguka upana wake na nafasi zitafunguka hata kidole kiingie. Urefu haubadilike sana, ni upana. Kwa hiyo panga mbao ndani ya chumba kilekile, weka vijiti katikati yake ili upepo upite. Chukua kimoja, kipime kwenye kilo ya duka, juma lijalo kipime tena. Kama uzito ungali unashuka, ngoja.

Kuunganisha ndiko watu wengi wanaharibia. Wanakata za zamani zote kwenye mustari mumoja ulionyooka, kisha wanaanzia mpya pale. Mustari ule utaonekana maisha yote, hata upake verni mara kumi. Ngoa kiasi, moja fupi, moja ndefu, ili mpya ziingie kati ya za zamani kama vidole vya mikono miwili. Kila mwisho wa ubao ulale juu ya shevro, hapana hewani. Tena kuko akili ingine ya bei rahisi: ngoa mbao za zamani za chini ya kitanda, uzilete kwenye mulango wa salo, na zile mpya uzipeleke chini ya kitanda. Nani atainama kuchungulia huko?

Rangi isiwasumbue haraka. Libuyu ikiwa mpya iko kama waridi, kisha inaiva kuwa nyekundu ya kahawia. Mvule inaanza manjano. Ukiitia rangi leo ifanane na ya zamani, kesho itaipita kwa weusi. Afazali musugue chumba kizima, ya zamani na mpya pamoja, mupake verni siku moja. Tofauti itakayobaki, mwangaza wa dirisha utaimaliza pole pole.

Kuko neno lingine, nalo ni gumu. Mtu akikuletea mbao kavu kwa bei ya chini, zenye matundu ya misumari na rangi ya nyumba ya mtu, uliza zimetoka wapi. Jirani yako mwenye sakafu ile labda angali kwenye kambi. Siku atarudi, atakuja kukusalimia, atakaa salo, ataangalia chini. Mimi nilikatala kazi ya namna ile, na yule mwenye nyumba mupaka leo hanisemeshe.

Kwa wafazili wetu: tunajua ripoti iko na tarehe yake. Lakini ubao haujue kusoma tarehe. Mutuachie majuma ya kukausha ndani ya mpango tangu mwanzo, feza haitapotea mara mbili.

Wale wanaongojea zao, libuyu iko kwenye depo, imepangwa na vijiti. Tutaipima tena siku ya tano asubui. Anayetaka kuona aje na bike yake, iandike uzito.