Diski Inaposema "Subiri"

Weka daftari na kalamu karibu, maana leo kuna maneno mapya machache, na yote tutayaeleza.

Tumekwisha kuona katika masomo yaliyopita kwamba kompyuta ina mahali pa kuhifadhia maandishi, napo panaitwa diski. Leo tutazungumza juu ya watu wanaoandika programu za kusema na diski hiyo, na juu ya wenzao wanaozisoma programu hizo kabla hazijapokelewa. Kazi yao haionekani. Lakini ikiharibika, utaijua upesi, kwa sababu barua uliyoiweka jana hutaiona leo, au utaiona imejaa takataka.

Chukua mfano wa karani wa chama cha ushirika. Ameandika katika kompyuta majina ya wanachama na kilo za kahawa alizoleta kila mmoja. Akimaliza anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha anakwenda zake nyumbani. Je, diski inajua jina la mwanachama? Haijui. Inajua kilo? Haijui hata hizo. Diski inajua mafungu yenye namba tu, mfano wa masanduku yaliyopangwa ghalani. Kwa desturi ya zamani kila fungu lina baiti 512, na diski nyingi za siku hizi hutumia mafungu ya baiti 4,096. Baiti moja yatosha kuweka herufi moja. Basi baiti 512 ni kama mistari minane au tisa ya kitabu.

Kati ya karani na masanduku hayo kuna programu kubwa inayotawala mashine yote. Hiyo huitwa kiini. Programu nyingine hazigusi diski zenyewe. Lazima zipeleke ombi kwa kiini. Kiini kimoja kinachojulikana sana ni Linux. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland. Alipokitangaza mwezi wa Agosti mwaka ule, alisema kwamba huenda hakitatumia diski yoyote isipokuwa ya aina ile aliyokuwa nayo yeye. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android. Labda unacho mfukoni sasa hivi.

Diski ni za aina nyingi, na kila aina ina lugha yake. Zipo zinazozunguka kama sahani, na zipo zisizo na kitu kinachozunguka. Zile zinazoungwa kwa njia iitwayo SATA zinaweza kushika amri 32 kwa wakati mmoja. Zile za NVMe, ambazo sheria zake za kwanza zilitolewa mwaka 2011, zimeruhusiwa kuwa na foleni zaidi ya 65,000, na kila foleni ishike amri hadi 65,536. Kiini hakiwezi kusema lugha zote hizo peke yake. Kwa hiyo kila lugha ina mkalimani wake, naye anaitwa kiendeshi. Andika neno hilo katika daftari: kiendeshi. Kiini kinamwambia, "Niletee fungu la namba 900." Kiendeshi kinaligeuza ombi liwe amri ambayo diski inaielewa, kinaonyesha mahali katika kumbukumbu ya kompyuta ambapo data itawekwa, kisha kinangoja jibu.

Sasa twende ghalani, nanyi mtanielewa vizuri zaidi.

Karani yuko ofisini. Watu wanakuja na maombi: huyu anataka gunia la 1, yule la 2, mwingine la 3 na la 4. Karani mwenye akili hamtumi hamali mara nne. Anayaunganisha maombi, anaandika hati moja, "Lete gunia la 1 mpaka la 4," na hamali anakwenda safari moja. Kiini hufanya vivyo hivyo. Maombi yakiwa ya mafungu yanayofuatana, huyaunganisha kuwa ombi moja kubwa. Ni jambo jema, linaokoa wakati.

Lakini siku nyingine hamali anafika mlangoni na hati mkononi, na mtunza ghala anamwambia, "Subiri, nina kazi nyingi." Hamali anarudi ofisini. Hati yake imeandikwa tayari: gunia la 1 mpaka la 4. Wakati anangoja, wanakuja watu wengine wanaotaka gunia la 5 mpaka la 8. Karani anaona kwamba yanafuatana na yale ya kwanza. Anafungua daftari lake na kuongeza: gunia la 1 mpaka la 8.

Mwalimu wa darasa, simama hapa. Waulize wanafunzi: hamali ataleta magunia mangapi?

Ataleta manne. Hati iliyo mkononi mwake haikubadilika; lililobadilika ni daftari la karani. Naye karani, akiona hamali amerudi na kusema "Tayari," atapiga mstari chini ya maombi yote manane. Wale waliotaka gunia la 5 mpaka la 8 wataambiwa, "Mali yenu ile pale, chukueni," nao watachukua chochote kilichokuwa kimelala mahali pale tangu zamani.

Mfano huu sikuubuni ili kuwachekesha. Ni jambo lililotokea katika Linux mwaka 2018. Toleo la 4.19 la kiini hicho lilitoka mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Novemba watu wakaanza kuleta malalamiko kwamba mafaili yao yanaharibika. Mashine ilikuwa ikisoma diski na kukuta takataka mahali palipopaswa kuwa na orodha ya mafaili. Wengi walishuku ext4, ile sehemu ya kiini inayopanga mafaili katika diski, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele. Msimamizi wake, Theodore Ts'o, alikuwa miongoni mwa waliolitafuta kosa hilo. Kulipata hakukuwa kazi rahisi, maana halikutokea katika kila mashine, wala halikutokea kila siku. Unajaribu leo, mambo ni shwari; unajaribu kesho, faili limekufa.

Mwisho chanzo kilionekana, nacho hakikuwa katika ext4 hata kidogo. Aliyekuwa akipiga kelele ni yule aliyeibiwa. Kosa lilikuwa katika sehemu inayopanga foleni za maombi ya diski. Katika toleo lile liliingizwa badiliko la kuongeza mwendo: kama foleni ni tupu na hakuna mpangaji, ombi lipite njia ya mkato, liende moja kwa moja kwa kiendeshi. Diski ikikubali, hapana tatizo. Diski ikisema "subiri," ombi lilirudishwa katika foleni ya kawaida, mahali ambapo maombi huruhusiwa kuunganishwa. Kumbe kwa baadhi ya diski hati ya hamali ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ombi likaunganishwa na jingine, hati ikabaki ya zamani, na diski ikaleta sehemu tu ya kilichoombwa.

Angalia jambo hili kwa makini, ndugu mwanafunzi. Aliyeandika upande wa foleni aliamini kwamba ombi lililorudi ni kama jipya. Walioandika upande wa diski waliamini kwamba ombi lililokwisha kutengenezwa halitaguswa tena. Ukisoma kila upande peke yake hutaona kosa. Lilikaa katikati, mahali ambapo kila mmoja alidhani mwenzake analinda.

Jens Axboe, msimamizi wa sehemu hiyo ya foleni, alitoa dawa mapema mwezi wa Desemba 2018. Ilikuwa mistari michache tu: ombi lililokataliwa katika njia ya mkato lipigwe alama ya kusema "usiniunganishe." Lakini hata dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake. Yako maombi ambayo si ya kusoma wala kuandika, na dawa iliyazuia yasipite kabisa katika njia ya mkato. Sehemu nyingine ya kiini, ile inayoweza kuunganisha diski kadhaa zikaonekana kama moja, ilikuwa daima ikijaribu njia hiyo kwanza. Maombi hayo yakawa yanajaribiwa, yanakataliwa, yanajaribiwa tena, bila mwisho. Siku chache baadaye ikaletwa dawa ya pili, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa safi: ombi lililokataliwa liwekwe katika orodha ya peke yake, ya maombi yaliyo tayari, ambamo hakuna kuunganisha. Ndivyo njia ya kawaida ilivyokuwa ikifanya siku zote. Waliokuwa wakitumia 4.19 walipata marekebisho katika toleo la 4.19.8, mwezi ule ule wa Desemba. Mafaili yaliyokwisha kuharibika hayakurudi kwa ajili ya hayo. Aliyekuwa na nakala mahali pengine aliitumia, na asiyekuwa nayo alikosa.

Sasa tuseme juu ya ukaguzi. Badiliko la programu huitwa kiraka, kama kile cha nguo. Mtu akitaka kiraka chake kiingie katika Linux hukituma kwa barua pepe, si kwa siri bali mahali ambapo kila mtu aweza kukisoma. Kiini kina orodha inayotaja ni nani msimamizi wa kila sehemu. Tangu mwaka 2004 kila mtumaji huweka mstari wenye jina lake, kushuhudia kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Mkaguzi akiridhika naye huweka jina lake chini. Na kama kiraka kinaponya kosa la zamani, hutaja kile kiraka kilicholeta kosa. Huko si kumwaibisha mtu. Ni ili wenye matoleo ya zamani wajue kama ugonjwa huo wanao au hawana. Toleo jipya hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi. Majuma mawili ya kwanza mambo mapya hupokelewa. Baada ya hapo ni marekebisho tu.

Utauliza, mkaguzi anatazama nini? Wengine hutazama nafasi za maneno na majina ya vitu. Hayo yana faida, lakini ipo programu ndogo inayoweza kuyatazama bila kuchoka. Kazi ya mtu ni kufuata ile njia ambayo mwandishi hakupenda kuifikiria. Mwandishi wa kiendeshi huketi mbele ya diski nzima, mpya, yenye kujibu vizuri. Anajaribu mara elfu, na mara elfu diski inasema "tayari." Zile sehemu za programu zinazofanya kazi diski inapokataa huenda hazijaguswa hata mara moja. Basi mkaguzi mzuri huanzia huko.

Huuliza: diski ikinyamaza, itakuwaje? Viendeshi vingi vya Linux hungoja sekunde 30. Zikipita, kiendeshi lazima kifute ile amri au kiiamshe diski upya. Lakini je, kama diski haikufa, ilikuwa imechelewa tu? Itakuja na data yake na kuiandika pale pale ilipoonyeshwa katika kumbukumbu. Ikiwa mahali pale pamekwisha kupewa programu nyingine, ni sawa na hamali aliyechelewa kumwaga mahindi katika chumba ambacho sasa analala mtoto. Kwa hiyo kiendeshi hakina ruhusa ya kupatoa mahali hapo mpaka kiwe na hakika kwamba diski haitapagusa tena.

Huuliza pia: diski ikisema "nimeandika," imeandika wapi? Diski nyingi zina kumbukumbu yao ndogo ya muda. Hupokea data humo na kujibu upesi, kabla ya kuiweka mahali pa kudumu. Umeme ukikatika wakati huo, data iliyokuwa humo huenda ikapotea. Ndiyo maana iko amri ya kuiambia diski itoe yote iliyo nayo na kuyaweka salama, na kiendeshi hakiruhusiwi kujibu "tayari" kwa amri hiyo mpaka diski yenyewe imejibu. Kiendeshi kinachojibu mapema kitaonekana chepesi kuliko vyote siku ya majaribio. Sisi tunaoishi mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi tungekijua siku ya pili.

Kwa kazi ya darasa, chagueni watu wanne: mwombaji, karani, hamali na mtunza ghala. Karani awe na daftari, na hamali apewe hati iliyoandikwa. Chezeni mara ya kwanza mtunza ghala akubali kila kitu. Chezeni mara ya pili aseme "subiri," na wakati hamali anangoja, mwombaji alete ombi jingine linalofuatana na la kwanza. Wengine wote watazame daftari na hati, na kila mmoja aandike ni wakati gani hasa viliacha kupatana. Halafu jaribuni kuandika, kwa sentensi moja tu, agizo ambalo mngempa karani. Mkimaliza, badilishaneni karatasi, na kila mtu atafute hali ambayo agizo la mwenzake linashindwa.

Tutakutana tena juma lijalo saa hii hii. Kwaherini.