MHESHIMIWA, JEZI TUMEZIONA. TAARIFA IKO WAPI?

Yafuatayo ni mazungumzo kwa vijana wa mjini kuhusu kazi ya mwakilishi na hesabu anayodaiwa na wapiga kura wake. Tunayachapa kama yalivyosemwa.



Leo sikuja kumtukana kiongozi yeyote. Kutukana ni rahisi na hakuleti maji bombani. Nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho wengi wetu hatujawahi kukidai. Kitu chenyewe ni taarifa.

Mbunge au diwani ni mtu tuliyemtuma. Ukimtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi, akirudi humsifii kwa kuvaa shati safi. Unamuuliza: umenunua nini, kwa bei gani, na chenji iko wapi? Sasa Mheshimiwa tumemtuma miaka mitano. Akirudi tunamwimbia, tunamvisha shada la maua, naye anatugawia jezi na mipira miwili. Chenji hakuna anayeiuliza. Hapo nani mjinga, yeye au sisi?

WENZETU WANAFANYAJE

Tuchukue mfano wa Marekani, si kwa sababu kila cha Marekani ni kizuri, bali kwa sababu kuna mtoto wa Afrika Mashariki amepita huko na njia aliyopita inatufundisha.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile bunge kubwa la Washington. Ndugu zetu wa Zanzibar wataelewa haraka, maana wao wana Baraza la Wawakilishi lao na bado wanapeleka wabunge Dodoma. Bunge la jimbo la New York linakaa mji wa Albany. Lina wawakilishi 150 na maseneta 63, na uchaguzi wao ni kila baada ya miaka miwili. Sikiliza vizuri: miaka miwili. Ukilala mwaka mmoja, mwaka wa pili unanyang'anywa kiti.

Kwa sababu hiyo wawakilishi wale wana desturi ya kuwaandikia wapiga kura wao mara kwa mara. Karatasi inaingia nyumbani kwa mtu, nayo huwa na mambo matatu. La kwanza ni sheria: muswada gani umepita, namba yake ngapi, utaanza kutumika lini. La pili ni mipango: kama unadai mafao ya kukosa kazi, au mwenye nyumba anakutoa kinyume cha sheria, njoo ofisi ya mwakilishi iliyopo mtaani kwenu usaidiwe. Tena wanakumbushwa kwamba serikali ya jimbo la New York imeshika mabilioni ya dola ya watu waliosahau akaunti na amana zao, na kwamba kutazama kama jina lako limo ni bure. La tatu ni shughuli za mtaa: siku ya kugawa makoti ya baridi, siku ya wataalamu kukujazia fomu za kodi bila malipo, hata siku ya kuleta karatasi zako za siri zisagwe mashineni matapeli wasije wakaziokota.

Utacheka. Lakini angalia: hata hiyo shughuli ndogo ya kusaga karatasi ina tarehe, saa na mahali. Hakuna "mchakato unaendelea".

MTOTO WA KAMPALA

Sasa nimtaje huyo mtu. Anaitwa Zohran Kwame Mamdani. Alizaliwa Kampala mwaka 1991. Hilo jina Kwame alipewa kwa heshima ya Nkrumah. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na katika miaka ya 1970 alifundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana alipelekwa New York akiwa na miaka saba. Alipata uraia wa Marekani mwaka 2018.

Mwaka 2020 aligombea uwakilishi wa Astoria, sehemu ya Queens iliyojaa wahamiaji: Wagiriki, Waarabu, Wabangladeshi. Katika kura za maoni alimwangusha mwakilishi wa chama chake mwenyewe, aliyekuwa kitini tangu mwaka 2011, kwa tofauti ya kura mia chache tu. Kigogo wa miaka kumi aling'olewa na kura ambazo zinatoka kwenye vijiwe vichache. Wewe unayesema "kura yangu moja itafanya nini", hilo ndilo jibu lako.

Akaingia kazini Januari 2021. Mwaka huohuo likaja suala la madereva wa teksi za njano, na hili wana bodaboda mtalielewa kuliko mabwana wakubwa.

Ili uendeshe teksi ya njano New York lazima uwe na kibali ambacho alama yake ni kibati kinachobanwa juu ya boneti. Idadi ya vibali ina kikomo, basi bei ikapandishwa na kupandishwa hata mwaka 2014 kibali kimoja kikauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Madereva, wengi wao wahamiaji, wakakopeshwa fedha za kununua. Kisha zikaja teksi za kuitwa kwa simu, abiria wakahama, bei ya kibali ikaporomoka. Deni likabaki palepale. Wako waliodaiwa zaidi ya dola laki tano kwa kitu kisichofikia nusu ya thamani hiyo. Mwaka 2018 baadhi ya madereva walijiua.

Si ni ndugu yake mkataba wa pikipiki huyo? Unapeleka hesabu kila siku, mvua ije jua liwake, na siku pikipiki inapokuwa yako, injini imeshachoka na wewe kifua kimeshachoka. Tofauti ni ukubwa wa tarakimu.

Vuli ya mwaka 2021 madereva wakapiga kambi mbele ya ofisi za jiji, kisha wakaanza mgomo wa kutokula. Mwakilishi Mamdani hakutuma salamu za pole. Alikaa nao, akagoma kula nao siku 15. Tarehe 3 Novemba 2021 makubaliano yakapatikana: deni lipunguzwe hadi dola laki mbili, jiji litoe ruzuku ya dola 30,000, zile 170,000 zinazobaki jiji lenyewe lizidhamini, na rejesho la mwezi lisizidi dola 1,122.

Umeona? Hiyo ni taarifa. Ina tarehe, ina kiasi, na imeeleza nani analipa nini. Dereva anaweza kwenda nayo ofisini akasema, hapa ndipo nilipoahidiwa.

BASI LA BURE NA MWISHO WAKE

Jambo la pili ni mabasi. Mamdani pamoja na seneta wa eneo lake, Michael Gianaris, walipigania katika bajeti ya jimbo mpango wa majaribio wa mabasi ya bure. Ukaanza Septemba 2023: njia tano, moja kwa kila sehemu kuu ya jiji. Nauli wakati ule ilikuwa dola 2.90. Abiria waliongezeka kwa takriban asilimia 30 siku za kazi, na mwisho wa wiki zaidi ya hapo. Madereva kupigwa na abiria kukapungua, maana ugomvi mwingi wa basi ni ugomvi wa nauli. Hilo konda hahitaji kuelezwa na profesa.

Lakini bajeti ya mwaka 2024 haikuuongezea muda mpango ule, na mwishoni mwa Agosti 2024 ukafa. Nimelitaja makusudi. Taarifa ya kweli ina sehemu ya kushindwa. Mwakilishi anayesema kila kitu kimefanikiwa ana kitu anachoficha.

Tena wapo waliomkosoa. Walisema miswada yake iliyogeuka sheria ni michache. Walisema alipokuwa kwenye kampeni ya umeya mwaka 2025 alikosa kura nyingi Albany. Mimi simtetei. Ninachouliza ni hiki: hao wakosoaji walijuaje? Walijua kwa sababu kila muswada una namba, kila kura ina jina, na kila mtu anaweza kusoma nani alikuwepo na nani hakuwepo. Rekodi ileile iliyompa sifa ndiyo iliyompa lawama. Wapiga kura wakapima wenyewe, na Novemba 2025 wakamchagua kuwa meya wa New York. Aliapishwa tarehe 1 Januari 2026.

NA SISI JE?

Turudi nyumbani. Msiniambie kwetu hakuna sheria. Sheria zipo, ila zimelala kabatini.

Tunayo Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009. Serikali inapeleka fedha katika kila jimbo la uchaguzi, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo ni mbunge mwenyewe. Kwa hiyo Mheshimiwa akipanda jukwaani akasema "nimewaletea mabati", mnyooshee mkono kwa adabu umuulize: Mheshimiwa, mabati haya yametoka mfukoni mwako au Mfuko wa Jimbo? Maana kama ni Mfuko wa Jimbo, hayo ni mabati yetu tuliyoletewa na tarishi, halafu tarishi anataka tumpigie magoti.

Tunayo mikopo ya asilimia 10. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zikafichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha, na mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Sasa jiulize: katika kijiwe chako, nani alitangaziwa iliposimama? Nani alitangaziwa iliporudi? Au mlisikia tu kwamba kikundi cha mpwa wa fulani kimepata?

Nne kwa mia ya mapato ya halmashauri ni fungu la vijana kisheria. Bonanza la mpira lenye jezi na pilau ni ukarimu wa Mheshimiwa. Wao wanatupa ukarimu ili tusahau haki. Hicho ndicho kiini macho chenyewe, ndugu zangu.

Na kwa nini wanaweza? Kwa sababu hawaogopi kupoteza kiti. Mwaka 2020 chama tawala kilichukua karibu viti vyote vya majimbo, na mwaka 2025 hivyohivyo. Mtu aliyepata kiti bila jasho atakuandikia wewe taarifa ya nini? Wenzetu wanaandika kwa sababu kuna mtu nyuma anakitaka kiti. Ushindani ndio unaomfundisha mheshimiwa kusoma na kuandika. Ndiyo maana sisi tunadai uchaguzi wa haki: si kwa ajili ya ulaji wa viongozi wa upinzani, bali kwa ajili ya hesabu ya mwananchi.

MASWALI MANNE YA KUTEMBEA NAYO

Nisiwachoshe. Mwakilishi yeyote akija, awe wa chama tawala au wa chama chetu sisi, mshikeni kwa maswali manne.

La kwanza: katika kikao kilichopita ulisimama kusema nini, na sheria ipi ilipita ukaiunga mkono au ukaipinga?

La pili: Mfuko wa Jimbo mwaka huu umeingiza kiasi gani na umekwenda kwenye mradi gani?

La tatu: vikundi vingapi vya vijana katika kata yetu vimepata mkopo, na majina yao yamebandikwa wapi?

La nne: kipi ulichotuahidi kimeshindikana, na kwa nini?

Asipojibu, msimzomee. Andikeni barua. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba kwa maandishi, ofisi ya umma inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Karatasi moja, kalamu moja, nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Watu kumi wa kijiwe kimoja wakisaini barua moja, yule karani atainuka kwenye kiti. Na hata wakinyamaza, ukimya wao una tarehe, nanyi mna ushahidi wa kusomea mkutanoni.

Najua kuna mwenzangu hapa atasema, "Bwana, mimi natafuta hela ya kula, barua za nini?" Nakujibu, ndugu yangu: hiyo hela ya kula unayoitafuta, sehemu yake imeshatengwa kwa jina lako katika vitabu vya halmashauri. Usipoiulizia, kuna mwingine ataisainia.

Jezi vaeni, mpira chezeni, pilau kuleni, maana ni kodi yenu imepikwa. Lakini mkishanawa mikono, ombeni taarifa.