Mchoraji na Paka Wake

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za wachoraji na paka. Najua wako watakaosema, "Mwalimu amekosa la kunena, paka ni wa kukamata panya tu." Ni kweli, hapa kwetu Kimwani, na katika Bukoba na Muleba yote, paka, ambaye kwa Kihaya huitwa enjangu, hufugwa kwa ajili ya kazi. Hulinda maharagwe na mahindi, na akiisha kazi yake hulala jikoni karibu na majivu. Ni wachache wamwonao kuwa kitu cha kutazamwa. Lakini naomba mnisikilize, maana jambo lenyewe si dogo. Nataka kuwaonyesha ya kuwa mtu apendaye kuchora kiumbe vyema hana budi kukaa nacho kama kilivyo, wala si kama apendavyo yeye. Na ya kuwa jambo hilo lina gharama yake.

Kwanza, tazameni ugumu wa kazi yenyewe. Mbuzi utamfunga kamba, naye atasimama. Ng'ombe atalala akicheua mpaka umalize kumchora pembe. Mtu utamwambia, "Kaa hapo, usitikisike," naye atakaa, ingawa shingo itamwuma. Lakini paka haamriwi. Ukimweka juu ya meza, atashuka. Ukimgeuza uso, atafumba macho. Basi mchoraji hana njia ila moja tu: kungoja. Atangoja mpaka paka alale mwenyewe, ajinyoshe mwenyewe, ajirambe mwenyewe. Na hapo mkono wake uwe mwepesi, maana dakika moja baadaye umbo lile halipo tena. Kwa hiyo paka ni mwalimu mkali wa wachoraji. Humfundisha mtu kutazama kabla ya kuandika mstari.

Katika nchi ya Japani alikuwako mchoraji mmoja hodari, jina lake Utagawa Kuniyoshi, aliyezaliwa mwaka 1798 akafa mwaka 1861. Alikaa katika mji wa Edo, ambao siku hizi huitwa Tokyo. Yasemwa kwamba chumba chake cha kazi kilijaa paka, na kwamba alikuwa akichora huku amepakata watoto wa paka ndani ya kanzu yake kifuani. Mwanafunzi aliyekuja kwake kujifunza kushika kalamu hakuwa na budi kuwazoea paka vile vile. Basi Kuniyoshi alipochora paka, hakuchora paka mmoja tu wa kufikiriwa. Katika kazi yake moja alichora makumi ya paka, kila mmoja kwa mfano wa kituo kimoja cha barabara kuu iliyotoka Edo kwenda Kyoto. Mmoja amelala, mmoja anavuta samaki, mmoja anakamata panya. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu aliishi nao.

Tena paka wamelinda picha zenyewe. Huko Urusi, katika mji wa St Petersburg, iko nyumba kubwa ya makumbusho iitwayo Hermitage, iliyojaa picha za thamani kuu. Kabla nyumba ile haijawa ya makumbusho ilikuwa jumba la kifalme, na panya walikuwa wengi mno. Mwaka 1745 Malkia Elizabeth wa Urusi alitoa amri waletwe paka wakubwa kutoka mji wa Kazan. Hata leo wako paka wanaokaa chini ya jumba lile, nao wana watu wa kuwalisha. Hapo mtaona kwamba mlinzi wa ghala la maharagwe na mlinzi wa picha za wafalme ni mmoja, na kazi yao ni moja.

Lakini hayo ni ya mbali. Sasa tuje katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, maana hapa alikaa mchoraji ambaye paka wake hakuwa wa kupakatwa kifuani.

Mchoraji huyo ni Bibi Joy Adamson. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati ule katika dola ya Austria. Alifika Kenya mwaka 1937. Hapo alianza kuchora maua ya porini, jani kwa jani, na kazi yake ilisifiwa sana na wataalamu wa mimea. Baadaye Serikali ya Kenya ya wakati ule ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya asili. Alisafiri nchi nzima kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya picha za wazee, vijana, maarusi na waganga. Nyingi zimewekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, na atazamaye leo huona shanga, ngozi na mapambo ambayo katika mahali pengi hayavaliwi tena.

Mwaka 1944 bibi huyo aliolewa na George Adamson, aliyekuwa Bwana Nyama wa wilaya za kaskazini ya Kenya, makao yake Isiolo. Siku ya tarehe 1 Februari, mwaka 1956, Bwana Adamson alishambuliwa na simba jike, akampiga risasi. Alipokwisha kufa ndipo ilipojulikana kwa nini alikuwa mkali: alikuwa na watoto watatu wachanga, wenye umri wa siku chache tu. Bwana akawachukua akampelekea mkewe.

Wasikilizaji wangu, nyumba ile ilikuwa nyumba ya mchoraji, yenye karatasi, rangi na brashi. Tena alikuwamo pimbi mmoja, jina lake Pati, aliyekuwa amezoea kukaa na Bibi Adamson kwa miaka kadhaa. Yule pimbi, mnyama asiyepita ukubwa wa sungura, akawa kama yaya wa watoto wa simba. Na kijana mmoja Msomali, jina lake Nuru, akapewa kazi ya kuwachunga. Walipokua kidogo ilionekana kwamba nyumba moja haiwezi kuchukua simba watatu. Wawili wakapelekwa kwa eropleni katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, nchi ya Uholanzi. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki. Huyo ndiye Elsa.

Elsa alipanda juu ya paa la motokaa, alilala kitandani kambini, na alipokuwa akilala Bibi Adamson alimchora. Na simba hulala sana. Yaweza kuwa hata saa 20 kati ya 24. Zipo picha zake nyingi za kalamu: Elsa amelaza kichwa juu ya miguu, Elsa amelala chali, Elsa ametazama mbali. Mimi nikizilinganisha na zile picha za watu, naona tofauti moja. Mtu aliyeitwa kuja kuchorwa hujua ya kuwa anatazamwa, hujinyosha, hukaza uso. Elsa hakujali kama anachorwa. Kwa hiyo kalamu ilipata mambo ambayo mtu angeyaficha.

Tena mchoraji wa namna hiyo huona mambo ambayo wengi wetu hatuyaoni, ingawa twasema twawajua wanyama. Nitawapa mifano. Mboni ya jicho la paka wa nyumbani, jua likiwa kali, hujibana ikawa kama mstari uliosimama. Lakini mboni ya simba hubaki duara. Watoto wa simba huzaliwa na madoa, nayo hufifia wanapokua. Madoa ya chui hukusanyika yakafanya kama maua, bali ya duma ni matone meusi yaliyo mbalimbali. Paka na chui huficha makucha yao, lakini makucha ya duma huonekana hata anapotembea. Mtu aliyechora mambo hayo kwa mkono wake hawezi kuyasahau.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo njia pekee. Hapa kwetu Tanzania alikuwako Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufa mwaka 1972, mtu wa wilaya ya Tunduru aliyefanyia kazi yake Dar es Salaam. Yeye alichora chui na simba kwa rangi za baiskeli juu ya ubao, wala hakuwa na chui nyumbani. Chui wake alitoka katika moyo na katika masimulizi ya wazee, naye ni mzuri, akampatia jina duniani kote. Lakini njia ya Tingatinga na njia ya kumtazama mnyama aliye hai ni njia mbili, na leo nasema habari za hii ya pili.

Basi sasa nafika penye neno langu kubwa. Elsa alipopita umri wa miaka 2, Bibi na Bwana Adamson walikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Wangeweza kumpeleka ng'ambo kama dada zake, akae nyuma ya vyuma, ashibe kila siku. Au wangeweza kumrudisha porini, naye hajui kuwinda, maana hakufundishwa na mama. Walichagua porini. Mara ya kwanza walishindwa, Elsa akaugua. Mara ya pili walimpeleka kando ya mto Ura, katika nchi ya Meru, wakamfundisha polepole kujitafutia nyama. Akaweza. Alipata dume, na mwanzo wa mwaka 1960 aliwaleta kambini watoto wake watatu, kuwaonyesha wale waliomlea. Bibi Adamson aliketi chini ya miti kando ya mto, akichora na kuandika, na Elsa alikuja alipotaka na kuondoka alipotaka. Hapo hapakuwa na mlango wala ufunguo. Katika mwaka ule ule kilitoka kitabu chake, Born Free, kilichosomwa duniani kote.

Lakini nilisema mwanzo kwamba jambo hili lina gharama, nami sitaificha. Tarehe 24 Januari, mwaka 1961, Elsa alikufa kwa ugonjwa uletwao na kupe. Watoto wake, wakiwa hawajajua vyema kuwinda, walianza kukamata mbuzi wa watu. Mmoja wao alichomwa mshale. Yule mwenye mbuzi hakuwa mtu mbaya; alilinda mali yake kama mimi na wewe tungalivyolinda. Mwisho watoto wale walikamatwa wakapelekwa Serengeti, ng'ambo ya Ziwa Victoria, upande wa mashariki kwetu sisi. Bibi Adamson alitoa fedha nyingi alizopata kwa vitabu kwa kazi ya kuhifadhi wanyama. Hata hivyo ni haki kukumbuka ya kuwa uzuri wa simba katika picha hulipiwa na mtu fulani kijijini, na mara nyingi mtu huyo hajaiona ile picha.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 2019 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, nayo yagusa wilaya yetu ya Muleba. Wanyama ni jirani zetu. Tusiposikiliza mwenye mbuzi, hifadhi itakuwa adui. Tusipomtazama mnyama kama alivyo, tutamjua kwa ngozi yake tu.

Baada ya Elsa, Bibi Adamson alimlea duma jike aliyeitwa Pippa, na baadaye chui jike aliyeitwa Penny, wote akawarudisha porini. Tarehe 3 Januari, mwaka 1980, aliuawa huko Shaba, karibu na Isiolo. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Watu wengi wakaamini, kwa kuwa ilielekea kuwa hivyo. Lakini uchunguzi ulionyesha majeraha si ya simba, bali ni ya silaha. Na mtu aliyekuwa ameajiriwa naye zamani akahukumiwa. Simba alisingiziwa. Majivu ya mwili wake yaliwekwa Meru, penye makaburi ya Elsa na Pippa.

Basi, walimu wenzangu, nawaomba jambo moja. Tunapowafundisha watoto kuchora, mara nyingi twachora paka ubaoni, duara mbili, masikio mawili na mkia, nao wananakili. Hapo darasa zima lina paka mmoja, naye ni wa mwalimu. Afadhali tuwaambie watoto waende nyumbani, wakae kimya jikoni kwa nusu saa, wamchore paka wao wenyewe kwa mkaa au kwa kalamu, alivyolala. Wasimwamshe, wala wasimfunge. Picha za kwanza zitakuwa mbaya. Paka ataondoka, mtoto ataanza tena. Lakini asubuhi mtaona paka thelathini mbalimbali, mmoja mnene, mmoja ana sikio lililokatika, na kila mtoto atakuwa na neno la kueleza. Na mzazi atakayemkuta mwanawe ameketi hivyo, naomba asimfukuze akidhani ni uvivu. Amngoje amalize.