Vita vya Uhuru wa Marekani, 1775–1783

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vita vilivyopiganwa mbali sana na pwani yetu, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, tangu mwaka wa 1775 hata mwaka wa 1783. Huenda mtu akauliza, Habari hizo zatuhusu nini sisi? Jibu la kwanza li katika maduka ya zamani. Wazee wetu walivaa nguo ya pamba iliyoitwa merikani, na nguo hiyo ililetwa Unguja na merikebu za wafanyaji biashara wa Marekani, wengi wao watu wa mji wa Salem, ulio karibu na Boston. Mwaka wa 1833 Sayyid Said alifanya nao mapatano ya biashara. Lakini miaka sitini tu kabla ya mapatano hayo, dola ya Marekani haikuwako duniani. Jinsi ilivyozaliwa ndiyo habari yetu ya leo. Jibu la pili mtaliona wenyewe mbele.

Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na makoloni 13 katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, tangu New Hampshire upande wa kaskazini hata Georgia upande wa kusini. Vita vilipoanza watu wake walipata kama milioni mbili na nusu. Wengi walikuwa wazao wa Waingereza. Na katika kila watu watano, mmoja alikuwa Mwafrika au mzao wa Waafrika, na karibu wote hao walikuwa watumwa. Bara, nyuma ya milima, walikaa wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao ardhi yao ilikuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Kila koloni lilikuwa na baraza lake, lililochaguliwa na wanaume wenye mali, na kwa desturi baraza hilo ndilo lililoamua kodi.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa deni. Mwaka wa 1763 Uingereza ilimaliza vita vya miaka saba na Wafaransa, ikashinda, ikaipata Kanada. Walakini ushindi huo uligharimu fedha nyingi mno, hata deni la serikali likawa karibu maradufu. Mawaziri wa London wakasema, Vita vile viliwalinda watu wa makoloni. Basi ni haki nao wachangie. Mwaka wa 1765 Bunge likaweka ushuru wa stempu: hati za mahakama, hati za mashamba, magazeti, hata karata za kuchezea, zote zililazimika kupigwa stempu ya kulipia. Watu wa makoloni wakajibu kwamba hawana mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo, na mtu asiye na mjumbe hawezi kutozwa kodi pasipo ridhaa yake. Wakakataa kununua bidhaa za Uingereza. Mwaka uliofuata ushuru ule ukaondolewa. Lakini siku ile ile Bunge likatangaza kwamba lina mamlaka juu ya makoloni katika kila jambo. Yaani lilitoa mwiba likaacha ncha ndani.

Zikaja kodi nyingine mwaka wa 1767. Mwaka wa 1770, tarehe 5 Machi, askari waliokuwa wakisukumwa na kutukanwa katika njia za Boston waliwapiga risasi watu, wakafa watano. Mmoja wa hao alikuwa Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa nchi. Kodi nyingi zikafutwa, isipokuwa ya chai. Basi usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda merikebu bandarini, wakatupa baharini makasha 342 ya chai. Serikali ikakasirika, ikaifunga bandari ya Boston na kulipunguzia mamlaka baraza la koloni lile. Adhabu hiyo ilikusudiwa kumtisha mmoja. Kumbe iliwaunganisha wengi, kwa kuwa makoloni mengine yaliona kwamba lililompata jirani laweza kuwapata wao pia. Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia kufanya shauri pamoja.

Tarehe 19 Aprili 1775 askari walitumwa kutoka Boston kwenda kuteka baruti na silaha zilizofichwa Concord. Njiani, katika kijiji cha Lexington, wakakuta wanamgambo wamejipanga. Nani aliyepiga bunduki ya kwanza, hapana ajuaye hata leo. Wanamgambo 8 wakafa. Habari zikaenea upesi, na askari walipokuwa wakirudi Boston, wakulima waliwapiga risasi njia nzima toka nyuma ya kuta na miti. Juni mwaka huo wajumbe wa Philadelphia wakamchagua George Washington, mwenye mashamba makubwa wa Virginia, awe jemadari wa jeshi lote.

Kwa muda wa mwaka mmoja zaidi wengi walitumaini kupatana na Mfalme George wa Tatu. Mfalme hakukubali maombi yao, akawaita waasi. Ndipo tarehe 4 Julai 1776 wajumbe wakapitisha Tangazo la Uhuru, lililoandikwa hasa na Thomas Jefferson. Tangazo hilo lasema kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya watu inaowatawala. Yafaa tukumbuke kwamba mwandishi wake mwenyewe alikuwa na watumwa zaidi ya mia.

Sasa tutazame nguvu za pande mbili. Uingereza ilikuwa na manowari nyingi kuliko dola yoyote, fedha, na askari waliofundishwa vyema, tena ilikodi askari wa Kijerumani wapatao 30,000. Marekani haikuwa na manowari za kutosha, wala hazina, wala jeshi la kudumu. Lakini Uingereza ilipigana mbali na kwao. Barua iliweza kuchukua miezi miwili kuvuka bahari, na amri iliyotoka London ilifika mambo yamekwisha kubadilika. Tena nchi ilikuwa pana, haina mji mmoja ulio kama moyo wake. Waingereza waliteka New York, wakateka Philadelphia, wakateka Charleston, na vita havikwisha. Washington alifahamu jambo hilo: hakuhitaji kushinda kila siku, ila alihitaji jeshi lake lisife.

Nalo lilikaribia kufa. Mwishoni mwa mwaka wa 1776 alikuwa amefukuzwa New York, na askari wengi walikuwa wakingoja muda wao wa utumishi uishe waende makwao. Usiku wa Krismasi akavuka mto Delaware katikati ya vipande vya barafu, na asubuhi akawashambulia Wajerumani mjini Trenton, akawateka kama 900. Ushindi ulikuwa mdogo, lakini uliwarudishia watu moyo. Mapema mwaka wa 1777 akafanya jambo jingine lisilokuwa na kishindo. Ndui ilikuwa ikiua askari wengi. Naye akaamuru jeshi lichanjwe kwa usaha wa ndui yenyewe, dawa ya hatari kidogo, maana chanjo salama ya siku za baadaye ilikuwa haijavumbuliwa. Wako wanaosema kwamba amri ile ilisaidia kuliko mizinga.

Oktoba 1777 jemadari Burgoyne, aliyeshuka toka Kanada, alizungukwa Saratoga akasalimu amri pamoja na watu karibu 6,000. Hapo mambo ya dunia yakageuka. Mfalme wa Ufaransa, ambaye kwa siri alikwisha kuwapelekea Wamarekani baruti na bunduki, sasa aliona kwamba huenda wakashinda. Benjamin Franklin, mzee mwenye busara aliyekuwa mjumbe wao Paris, akatia sahihi mapatano naye Februari 1778. Ufaransa haikuingia vitani kwa kupenda uhuru, maana mfalme wake mwenyewe alitawala pasipo Bunge. Ilitaka kulipiza kisasi cha mwaka wa 1763. Lakini manowari zake ndizo zilizokuwa zimepungukiwa Wamarekani.

Msidhani kwamba watu wote wa makoloni walikuwa na nia moja. Wengi walishikamana na Mfalme. William Franklin, mwana wa Benjamin, alikuwa gavana wa New Jersey upande wa Mfalme, na baba na mwana hawakupatana tena sawasawa. Katika majimbo ya kusini majirani walichomeana nyumba. Vita vilipokwisha watu wapatao 60,000 walihama nchi.

Mwaka wa 1780 Waingereza waliteka Charleston, wakakamata kama watu 5,000. Lakini jemadari Nathanael Greene aliwachosha kwa kupigana na kurudi nyuma, akipigana tena na kurudi tena. Mwisho jemadari Cornwallis akaliongoza jeshi lake mpaka Yorktown, katika pwani ya Virginia, angojee manowari za kwao. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Septemba 1781 manowari za Ufaransa zikawazuia Waingereza kuingia ghuba ya Chesapeake, na Washington pamoja na Wafaransa wakashuka upesi toka kaskazini, wakamfungia Cornwallis nchi kavu. Tarehe 19 Oktoba akatoa silaha, na watu zaidi ya 7,000 pamoja naye. Machi 1782 waziri mkuu, Lord North, akajiuzulu. Na tarehe 3 Septemba 1783 mapatano ya Paris yakakiri kwamba Marekani ni dola huru.

Na sasa, wasikilizaji, tunafika kwenye jibu la pili tulilowaahidi. Vita hivi viliwahusu Waafrika tangu mwanzo. Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayekimbilia jeshi la Mfalme na kuchukua silaha atapewa uhuru. Maelfu wakakimbia. Wengine, wapatao 5,000, walipigana upande wa Wamarekani. Hivyo kila Mwafrika alipima mwenyewe ni bendera ipi itakayompa uhuru uliokuwa midomoni mwa watu wote. Mmoja aliyekimbilia Waingereza ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika, mtumwa wa jemadari Washington mwenyewe. Mwaka wa 1783 yeye na wenzake wapatao 3,000 walichukuliwa kwa merikebu kutoka New York kwenda Nova Scotia. Huko walipata baridi, ardhi mbaya na ahadi zisizotimizwa. Mwaka wa 1792 watu kama 1,200 wakavuka bahari tena, wakaenda Sierra Leone wakaujenga mji wa Freetown, maana yake Mji wa Uhuru. Ndipo mzaliwa wa Afrika aliyechukuliwa utumwani akarudi kukanyaga bara lake.

Katika Marekani yenyewe, Pennsylvania ilianza mwaka wa 1780 kuuondoa utumwa kidogo kidogo, na majimbo mengine ya kaskazini yakafuata. Kusini utumwa uliendelea na kuongezeka, mpaka ulipokomeshwa mwaka wa 1865, baada ya vita vingine vilivyoua watu wengi kuliko hivi vya kwanza. Nao wenyeji wa asili hawakuitwa Paris. Nchi yao iligawanywa wao wasiwepo.

Desemba 1783 Washington alikwenda mbele ya wajumbe akarudisha madaraka yake ya ujemadari, akaenda shambani kwake. Wako majemadari wengi waliowashinda wafalme kisha wakawa wafalme wao wenyewe. Huyu hakufanya hivyo. Mwaka wa 1789 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza chini ya katiba iliyotungwa mwaka wa 1787, na mwaka wa 1797 akaondoka kwa hiari yake.

Basi, mabibi na mabwana, tukiyakusanya haya, twaona kwamba vita hivi vilianza kwa kodi ndogo kuliko hasira iliyoiamsha, kwa kuwa walioitoza hawakuwauliza waliotozwa. Twaona tena kwamba walioshinda waliandika neno kubwa kuliko matendo yao, na neno hilo likabaki likiwadai. Harry Washington hakulitia sahihi Tangazo lile, lakini alikuwa na haki ya kulisoma. Ninyi wanafunzi, mkikutana na habari za vita vya uhuru popote duniani, ulizeni nani aliyeshinda. Kisha ulizeni pia ni nani aliyeachwa nje ya mlango.