Sala ya Waamini katika Nchi ya Maduara



Sala ya Waamini, isemwayo baada ya Kanuni ya Imani na kabla ya vipaji kupelekwa altareni, ni kongwe kuliko wadhaniavyo wengi; kwani Mtakatifu Yustino Shahidi, aliyeandika mjini Roma yapata mwaka 155, aeleza jinsi Wakristo walivyosimama pamoja wakawaombea watu wote popote walipo, ndipo mkate na divai vikaletwa. Baadaye desturi hiyo ilififia kwa karne nyingi, ikabaki na fahari yake siku ya Ijumaa Kuu, hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulipoamuru irejeshwe. Kwetu Tanzania, Jimbo la Shinyanga, lililoundwa mwaka 1956, lilizaliwa katika Misa ya Kilatini. La Geita, la mwaka 1984, lilizaliwa sala hii ikiwa tayari imerudi vinywani mwa watu.

Mwongozo wa Misale waagiza tuliombee Kanisa, kisha watawala na ulimwengu, kisha wenye dhiki, kisha jamii iliyokusanyika. Vitabu vilivyopigwa chapa vyatufundisha utaratibu huo, nami navishukuru. Lakini kitabu hakiijui Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Nia za kundi la tatu na la nne hazina budi kutafutwa palipo na watu, na mahali pafaapo kupita pote ni Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji wao tangu miaka ya 1970. Huko, katikati ya juma, hujulikana nani kafukiwa na kifusi, na mama yupi achenjua dhahabu kwa zebaki, mtoto mgongoni.

Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji wadogo walikwama chini ya ardhi, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Kuwaombea watu wa namna hiyo kwa maneno ya jumla, eti wote wenye shida, ni kuwanyima haki yao. Litajwe duara, yaani shimo la wachimbaji, waombewe walio chini, na wanaochimbua kuwafikia, na wenye mali, wapate kuona aibu kumshusha mtu katika shimo lisilo na magogo ya kulishikilia.

Lakini liko jambo zito zaidi, nami sitalipita kwa haraka. Katika nchi yetu hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, ilhali wekundu huo ni wa moshi wa samadi waliyopikia miaka yote. Na tangu mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino wamewindwa, kwa itikadi kwamba viungo vyao huleta utajiri machimboni na ziwani. Basi mtu akisimama mimbarini akaomba tuepushwe na wachawi, hata kama moyo wake ni safi, macho ya watu yatamgeukia bibi aketiye benchi la nyuma, na sala itakuwa imemhukumu mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya jirani zake. Nia ya haki humweka bibi huyo miongoni mwa wanaoombewa, na humwombea toba yule anoaye panga. Tena isemwe kwa maneno machache, bila kumtaja mtuhumiwa na bila kugeuzwa hotuba ya pili, kwa kuwa mkutano mzima ndio uombao, na msomaji ni mdomo wake tu.

Fauka ya hayo, Mwongozo wamruhusu mwamini mlei kuzitamka nia hizo, na ruhusa hiyo twaitumia kwa ubahili, tukiwaita walewale wenye sauti nzuri na mavazi mazuri. Naziomba parokia zetu, kuanzia Kahama hadi Geita, zimpandishe mimbarini mchimbaji. Zimpandishe kijana mwenye ualbino. Na bibi yule, kama hajui kusoma, afundishwe nia moja kwa moyo, aitamke mwenyewe, nasi sote tumwitikie.