Kuitunza Mitaa ya Kale: Habari za Mji wa Lamu



Watu wengi wakisikia habari ya kutunza mji wa kale hudhani ya kuwa maana yake ni kuchagua jumba moja kubwa, kulipaka chokaa na kuwaonyesha wageni. Lakini mtaa wa kale hujulikana kwa jinsi nyumba zake zote zilivyokaa pamoja. Mfano ulio wazi ni Lamu. Sehemu ya mawe ya mji huo ilitangazwa na Serikali ya Kenya mwaka 1986 kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 2001 UNESCO ikauandika mji katika orodha ya urithi wa dunia.

Kuta za nyumba hizo ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba dari pana, vyumba ni virefu na vyembamba. Mlangoni pana daka lenye viti vya mawe, mgeni apate kuzungumza na mwenyeji bila kuingia ndani. Katikati mna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, uletao mwanga na upepo. Vichochoro vyatosha punda na mzigo wake, tena vina kivuli karibu mchana kutwa.

Basi mtu atakaye kuupima mtaa wa namna hiyo hana budi kwenda nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya mtaalamu Usam Ghaidan katika miaka ya 1970. Huandikwa umri wa jengo, kimo chake, kuta, mlango na daka. Na yafaa iandikwe pia ni nani akaaye humo, jambo lisahauliwalo mara nyingi.

Adui mkubwa wa nyumba hizo ni saruji. Ukuta uliopakwa saruji huonekana safi na imara. Lakini unyevu upandao kutoka ardhini hupita katika chokaa ukatoka nje. Saruji huuzuia, maji yakakaa ukutani, na vichwa vya boriti vikaoza pasipo kuonekana, hata siku moja dari ikainama.

Hata hivyo mwenye nyumba hastahili kulaumiwa upesi. Watoto wake huoa, vyumba havitoshi. Mafundi wa chokaa ni wachache, na gharama ni juu yake. Wengine wameuza nyumba zao kwa watu wa Ulaya, ambao wamezitengeneza vizuri sana, ila baadhi yake hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukuta umepona, lakini darakani hapana aketiye. Mpimaji aandikaye kuta peke yake ataihesabu nyumba hiyo kuwa imeokoka, na ile ya jirani, yenye wajukuu saba na saruji kidogo jikoni, ataihesabu kuwa imeharibika.